Mambo ya Beijing, vitenge na keki: tunayodanganyana kila tarehe 8 Machi

Mi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha wakinamama hapa kata, kwa hiyo Februari ikifika tu amani inaniisha, ndo msimu wa kukimbizana na michango ya sare za Siku ya Wanawake. Mwaka huu tumebishana rangi ya kitenge kuanzia saa kumi jioni mpaka mbu wakatufukuza, mmoja anataka zambarau, mwingine anasema zambarau inamfanya aonekane mgonjwa, wa tatu anauliza kwani sare ni lazima, afu mzee mmoja mjumbe wa mtaa ambaye alipita kutusalimia tu akatupia lake: "Hayo mambo yenu ya Beijing hayo." Eeh, hapo ndo ikawa vurugu. Kila mtu akaibuka na stori yake hii siku imetoka wapi, na nyingi nilizozisikia pale ni uongo mtupu, ikiwemo ya kwangu mwenyewe. Nimeona niziandike zile kubwa kubwa.

"Ilianza 1857 New York, wanawake wa viwandani waligoma"

Hii ndo ya kwangu. Niliiweka kwenye risala miaka mitatu iliyopita, nikaisoma mbele ya diwani kwa kujiamini kabisa, watu wakapiga makofi na vigelegele juu. Stori yenyewe inasema tarehe 8 Machi 1857 washona nguo wa New York waligoma, polisi wakawashukia, ndo siku ikazaliwa. Sasa shida ni kwamba huo mgomo hakuna aliyewahi kuuonyeshea ushahidi. Watafiti wawili wa Ufaransa, Liliane Kandel na Françoise Picq, waliifuatilia hii hadithi miaka ya 1980 mwanzoni wakakuta imeibukia hukohuko Ufaransa miaka ya 1950, yaani karibu karne nzima baada ya tukio linalosimuliwa. Mi na risala yangu.

Wengine wanataja moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, hapohapo New York. Huo ulitokea kweli tena ni wa kutisha, watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmojawapo wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa funguo. Lakini angalia tarehe: moto ni 25 Machi 1911, na siku ya wanawake ilikuwa imeshaadhimishwa Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi tarehe 19 Machi mwaka huohuo. Mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya mama yake.

Ilivyokuwa ni hivi. Wasoshalisti wa Marekani walifanya siku yao ya wanawake tarehe 28 Februari 1909. Agosti 1910 wanawake kama 100 kutoka nchi 17 wakakutana Copenhagen, Clara Zetkin, msoshalisti wa Ujerumani, na wenzake wakapeleka hoja iwepo siku ya kimataifa ya kudai haki ya kupiga kura, ikapita, ila tarehe hawakuipanga. Tarehe 8 imekuja na Urusi mwaka 1917. Vita imechosha watu, mkate hakuna, wanawake wa viwanda vya nguo Petrograd wakatoka barabarani wakaungana na waliokuwa wamechoka kupanga foleni, kwa kalenda yao ya zamani ilikuwa 23 Februari, kwa hii yetu ni 8 Machi. Wiki moja tu baadaye mfalme Nicholas II kaachia kiti. Umoja wa Mataifa wenyewe wamekuja kuiadhimisha 1975 na kuipitishia azimio 1977, yaani walikuta sherehe ina zaidi ya miaka 60.

Na kusema kweli hii ya foleni ya mkate mi naipenda kuliko ile ya uongo. Mama yangu miaka ya themanini mwanzoni alikuwa anaacha jiwe kwenye foleni ya unga limshikie nafasi, anakimbia nyumbani kunyonyesha, anarudi anakuta jiwe limesogezwa nyuma na mtu. Ukimwambia kuna wanawake waliwahi kumng'oa mfalme sababu ya foleni hashangai hata kidogo, anauliza tu walichelewa nini.

"Mambo ya Beijing", yaani Beijing iliwafundisha wanawake wasipike

Hii ndo ya yule mzee wetu, na si yeye peke yake, neno Beijing hapa nchini limegeuka tusi la heshima, mke akichelewa kurudi ni Beijing, akiuliza mshahara umeenda wapi ni Beijing. Sasa Beijing yenyewe ni mkutano wa nne wa dunia wa wanawake, Septemba 1995. Wa kwanza ulikuwa Mexico 1975, wa pili Copenhagen 1980, wa tatu ulikuwa hapa jirani kabisa, Nairobi 1985, lakini sjawahi kusikia mtu akimtukana mkewe kwa jina la Nairobi. Na Katibu Mkuu wa ule wa Beijing alikuwa mama wa kwetu, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, ndo maana mpaka leo wanamwita Mama Beijing. Kwa hiyo mtu anaposema tumeletewa kutoka nje, aelewe aliyekuwa anaendesha shughuli nzima ni Mtanzania.

Yaliyokubaliwa na nchi 189 yamegawanywa maeneo 12: umaskini, elimu, afya, ukatili, vita, uchumi, nafasi kwenye maamuzi, vyombo vya serikali vya kusimamia wanawake, haki za binadamu, vyombo vya habari, mazingira, na mtoto wa kike. Kupika kukatazwa hakumo. Kilichomo ni kwamba majukumu ya familia yagawanwe, na ile kazi ya nyumbani isiyolipwa, kuteka maji, kuuguza, kulea, nayo ihesabiwe kama kazi. Nilimwambia mzee hivyo, akasema hata yeye siku hizi anachemsha chai mwenyewe. Sawa baba, tumeandika.

"Ngoma, vitenge na keki zimeua maana halisi ya siku"

Hii inasemwa na wasomi wetu na wanaharakati, na mi huwa inaniuma zaidi kwa sababu inasemwa na watu tunaowaheshimu. Kwamba wakinamama wa mtaani wamegeuza siku ya mapambano kuwa kitchen party. Keki siitetei, keki tuliyokata mwaka juzi ilimaliza theluthi ya bajeti na watoto wa shule ndo waliila. Ila ngoma na sare? Hapo hapana, hapo historia yetu iko upande wa wakinamama.

Chukua Bibi Titi Mohamed. Kazaliwa Dar es Salaam 1926, shule aliishia darasa la nne, akawa maarufu mjini kwa sauti yake, muimbaji wa maulidi na wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 akaja Mwingereza wa chama cha Labour, John Hatch, akatembezwa na viongozi wa TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, akawauliza sehemu ya wanawake iko wapi. Hakukuwa na sehemu ya wanawake. Ndo Bibi Titi akapewa hiyo kazi, na hakwenda kuandika makala wala kuitisha semina, kaenda kwenye vikundi vya lelemama na ngoma nyingine za mjini, akaongea na viongozi wao, nao wakaongea na watu wao. Ndani ya miezi michache wanawake 5,000 walikuwa na kadi za TANU.

Fikiria kilichokuwa kimo ndani ya hivyo vikundi. Kuna kiongozi, kuna mchango, kuna sare, kuna mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kutangaza shughuli, na mwanamke anayefungiwa ndani na mumewe kwenye ngoma au harusi anaruhusiwa kutoka. Kwa mkoloni zile ni kelele za wanawake wanacheza. Yaani mtandao mzima ulikuwa umeshajengwa, mtu wa chama anakuja kuwasha tu. Ukiangalia kikundi chetu cha leo, daftari la michango, kitenge cha kufanana, mwenyekiti mkali, ni kilekile.

Na si Dar tu. Pwani ya Kenya, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kupinga kodi na kupinga vijana wao kuchukuliwa na Waingereza, na alichotumia kuvuta watu kijiji hadi kijiji ni kifudu, ngoma ya msiba. Wakamkamata wakampeleka Kisii, ng'ambo kabisa ya nchi, akatoroka akarudi kwao. Leo ana sanamu Malindi na watu wanamkumbuka kila mwaka, kwa ngoma, ingekuwaje tena?

Bibi Titi mwenyewe mwisho wake haukuwa wa keki. Alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake wa nchi nzima, ilipoundwa 1962, 1965 akapoteza ubunge, 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, akaishi kimyakimya miaka mingi sana mpaka alipofariki mwaka 2000. Watu wanapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed kila siku kwenye daladala wakidhani ni mke wa mtu fulani. Dada mmoja kwenye kamati yetu, ana digrii, alidhani hivyohivyo, na simcheki maana shuleni tulisoma jina lake kwa mstari mmoja tu.

"Hata hivyo tumeiga wazungu"

Hii nitaipitia haraka. Mwaka 1922 Nairobi, Machi 16, watu wamekusanyika kituo cha polisi wanadai Harry Thuku, kiongozi aliyekuwa anapinga mkoloni, aachiwe, wanaume wanaanza kuondoka, Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha gauni lake mpaka mabegani akawaambia wampe suruali zao wavae hilo gauni, wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, naye ni kati ya waliokufa. Huyo alimuiga nani? Na wanawake wa Uswisi walipewa kura ya taifa mwaka 1971. Wakati Bibi Titi yuko jukwaani Mnazi Mmoja, kuna wazungu wanawake walikuwa hawaruhusiwi hata kumchagua mbunge.

"Haki zote mlishapewa, sasa mnadai nini?"

Kuna mjomba lazima aulize hili, mara nyingi huku anakula pilau letu. Na kwa sehemu ana hoja, sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema wazi mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Ila sikiliza ilivyokuwa ngumu kufika hapo. Mwaka 1988 kule Kagera mama anaitwa Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, kwa shilingi 300,000, mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani akisema kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, wakati mwanaume wa ukoo huohuo anauza. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema hiyo mila inapingana na Katiba, mama alikuwa na haki ya kuuza. Kesi inasomwa vyuo vya sheria mpaka leo, huku mtaani hakuna anayeijua.

Afu kuna lile tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 ambalo linawapanga warithi kwa madaraja, na mtoto wa kike yuko daraja la tatu. La tatu jamani! Mahakama Kuu ilipoulizwa 2006 ilikubali kwamba linabagua, lakini ikagoma kulifuta. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, binti anaolewa na miaka 15 mzazi akiridhia, mvulana mpaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, akashinda Julai 2016, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Kwa hiyo mjomba akiuliza tunadai nini, jibu lipo, amalize pilau kwanza.

"Na siku ya wanaume lini?"

19 Novemba. Ipo tangu 1999, imeanzia Trinidad na Tobago. Andaeni, sisi tutakuja kula.

"Ni sikukuu ya kitaifa kwa hiyo kazini siendi"

Uganda ndiyo, ni mapumziko kabisa. Huku kwetu hapana, dada yangu, utakatwa.

"Bila zambarau haijanoga"

Zambarau imetoka kwa wanawake wa Uingereza waliokuwa wanadai kura, chama chao kilichagua rangi zake mwaka 1908, na zilikuwa tatu: zambarau, nyeupe na kijani. Nilipoisoma hiyo nikapiga kelele peke yangu jikoni, manake pale kwenye kikao tulishaamua kijani, si kwa historia yoyote, ni kwa sababu muuza duka alikuwa na jora zima la kijani na akatupunguzia. Bibi mmoja wa jirani, ambaye utotoni alikuwa anamsindikiza mama yake kwenye lelemama, aliuliza kitu kimoja tu baada ya kutusikiliza jioni nzima: ngoma anapiga nani, maana mwaka jana mlituwekea spika. Ngoma tumepata. Jora bado liko dukani, watu saba hawajalipa, na majina ninayo.