Mguu Ukifa Ganzi, Usiisingizie Damu

Umekaa mkekani msibani tangu asubuhi, miguu umeikunja. Dua inaisha, watu wanainuka, nawe unainuka nao, lakini mguu mmoja haupo. Unaukanyagia kama gogo, unashika bega la jirani, na kabla hujapiga hatua ya pili siafu wameshaanza kupanda kutoka unyayoni. "Damu ilisimama hiyo," jirani anakwambia. "Utikise, itatembea."

Nafundisha fiziolojia, yaani namna mwili unavyofanya kazi, katika chuo cha afya, na maelezo hayo ya damu nayasikia hata kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nadhani lugha yetu imechangia. Kwetu kila kitu ni mshipa: unaopitisha damu ni mshipa, unaopeleka hisia ni mshipa, na mwenye ngiri naye husema ana mshipa. Ukiambiwa mshipa umebanwa, akili inakimbilia damu. Kumbe kinacholalamika hapo ni mshipa wa fahamu.

Papasa upande wa nje wa mguu wako, chini kidogo ya goti. Kuna kinundu cha mfupa. Kando yake hupita mshipa wa fahamu unaouamrisha mguu kunyanyua vidole, nao hauna nyama ya kuulinda. Ukipachika mguu mmoja juu ya mwingine, unaugandamiza. Ukibanwa hupitisha habari kwa shida au hunyamaza kabisa. Vishipa vidogo vya damu vinavyoulisha navyo hubanwa, kwa hiyo damu tusiitoe kesini moja kwa moja. Ukiuachia, nyuzi zake haziamki kwa pamoja. Zinapiga ovyo bila kuguswa na chochote, na ubongo unazisikia kama sindano, au siafu.

Siku nyingine ikikukuta, nyoosha mguu, kisha bonyeza ukucha wa dole gumba la mguu huo mpaka upauke, uuachie. Rangi itarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Damu inafika, na ganzi bado unayo.

Ganzi ya mkekani huisha kwa dakika chache. Isiyoisha ni habari nyingine. Nyayo zote mbili zikifa ganzi usiku baada ya usiku, nenda kapime sukari. Baka la ngozi lililopauka na lisilosikia hata ukiligusa kwa pamba linaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo na unatibika kwa vidonge. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mdomo kwenda kombo, ulimi mzito: huenda ni kiharusi. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, mambo ya kuchuliwa yasubiri.

Ndugu wa karibu wa ganzi hiyo ni ule umeme wa kujigonga kisugudi kwenye fremu ya mlango. Wengi husema wamegonga mfupa. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko umelala kwenye kijifereji cha mfupa, juu yake kuna ngozi tu. Ushahidi upo mkononi: maumivu yanakimbilia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, basi, kwa sababu eneo lake la kuhudumia linaishia hapo.

Ninalolipenda zaidi ni la vidole kukunjana majini. Umefua beseni mbili za nguo, ncha za vidole zimekuwa kama za bibi kizee. Kwa muda mrefu watu waliamini ngozi inanyonya maji na kuvimba. Lakini tangu miaka ya 1930 madaktari wa Uingereza walikuwa wameona kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umeharibika hakikunjani, hata kikilowekwa. Sponji haihitaji mshipa wa fahamu. Inavyoeleweka sasa, maji yanaingia kwenye vitundu vya jasho, taarifa inakwenda, vishipa vya damu vya ncha ya kidole vinajibana, nyama ya ndani inapungua, na ngozi ya juu inavutwa chini. Mwaka 1973 daktari O'Riain alipendekeza jambo hilo litumike kama kipimo: loweka mkono kwenye maji ya moto kiasi kwa nusu saa, uone kidole gani kimebaki laini. Ni kipimo cha beseni na birika, na kinamfaa hata mtoto mdogo asiyeweza kueleza anachohisi.

Faida ya mikunjo yenyewe bado inabishaniwa. Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle waliwapa watu goroli zilizolowa, na wenye vidole vilivyokunjana walizihamisha haraka zaidi. Mwaka uliofuata wengine wakarudia jambo kama hilo na hawakuona tofauti. Mimi bado naegemea kwa watu wa goroli.

Na jicho kucheza? Najua: upande mmoja mgeni, upande mwingine kilio, na kila nyumba ina upande wake. Unaocheza ni ukope, kwa msuli mwembamba uliochoshwa na usingizi haba, mawazo, au vikombe vingi vya kahawa. Lala siku mbili tatu usingizi wa kutosha. Ukiendelea wiki kadhaa, au shavu likaanza kuvutwa nao, nenda ukaonwe na daktari. Mgeni akija katikati ya hapo, mkaribishe tu.