Kengele ya mionzi ikilia Kigoma: nusu saa ya kwanza

Ukitajwa usalama wa taifa na nyuklia katika sentensi moja, mazungumzo hukimbilia makombora ya wakubwa. Kwa Kigoma hatari iliyo karibu ina umbo dogo zaidi: kopo la chuma lenye mionzi, linaloshikika mkononi, limefukiwa ndani ya lori la skrepa au boti iliyovuka kutoka Kalemie, Kongo, na huenda mwenye mzigo mwenyewe hajui amebeba nini. Silaha za nyuklia Tanzania haina, na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, unakataza kuwa nazo. Kazi iliyobaki kwetu ni kujua kinachopita.

Na njia hii haipitishi mahindi na mawese tu. Ng'ambo ya ziwa, kule Katanga, kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani nyingi ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Miaka ya 1970 fito mbili za fueli ya nyuklia ziliibwa kwenye mtambo wa utafiti wa Kinshasa; moja ilikuja kukamatwa Italia mwaka 1998. Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni mfano wa Goiânia, Brazili, mwaka 1987. Mashine ya tiba ya saratani iliachwa kwenye kliniki tupu, watu wakaing'oa wauze chuma, sesiamu yenye mionzi ikamwagika mitaani. Wanne walikufa, na zaidi ya watu 110,000 walilazimika kupimwa. Hakukuwa na gaidi hata mmoja.

Sitaandika hapa lango lipi lina kifaa gani. Hilo halina haja ya kuwa mtandaoni. Utaratibu ni uleule popote. Kengele nyingi hulia kwa sababu isiyo na ubaya: koltani na madini ya bati vina thoriamu na urani za asili, mbolea ina potasiamu, vigae navyo hutoa kidogo, na abiria aliyetibiwa kwa iodini-131 anaweza kuiamsha siku kadhaa baada ya kutoka hospitali. Hapo ndipo ulinzi unapooza. Kengele ikilia bure kila siku, mtu huipandishia kiwango ili apate utulivu.

Ikilia, lori lirudi lipite tena, lisizidi kilomita 8 kwa saa. Tazama mchoro wa kipimo cha lango. Madini au mbolea iliyojaa bodi nzima huinua mstari taratibu na kuushikilia. Chanzo kimoja huchomoza kama mwiba. Dereva ashuke, mzigo usifunguliwe. Ofisa akaribie akiwa ametanguliza kipimo cha mkono, akisoma namba kila hatua. Mazingira ya kawaida huwa karibu mikrosivati (kipimo cha dozi ya mionzi) 0.1 kwa saa. Ukikuta 100 kwa umbali wa mita moja, rudi nyuma, zungushia utepe, ita Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC). Umbali ukiongezeka mara mbili, kiwango hushuka hadi robo, kwa hiyo kurudi nyuma ni kinga halisi.

Kikiwa chini ya hapo, tafuta sehemu yenye namba kubwa kuliko zote, weka alama ya chaki, kisha simamisha pale kifaa cha kutambua aina ya mionzi kwa dakika tano bila kukitikisa. Hapa ndipo kazi huharibika mara nyingi. Mtu hushika sekunde kumi, kifaa kinatoa jina kwa kubahatisha, jina linaandikwa kwenye fomu. Usiishie kwenye jina, angalia vilele vya spektra, yaani mchoro wa nishati za mionzi: sesiamu-137 husimama kwenye keV (kipimo cha nishati) 662, kobalti-60 ina viwili, 1173 na 1332, potasiamu 1461, thoriamu 2614.

Joto nalo linadanganya. Fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyo ndani ya kifaa ikipata jua la saa nane mchana, vilele husogea, na 662 inaweza kusomeka mahali pasipo pake. Dawa yake ni rahisi: kilo moja ya mbolea ya MOP (kloridi ya potasiamu) kwenye mfuko safi. Isome kila zamu inapoanza na tena mchana; kilele kisipokaa 1461, rekebisha kifaa kabla ya kugusa mzigo wa mtu.

Neutroni, chembe za kiini cha atomu zisizo na chaji, ni habari nyingine. Koltani haitoi za kutosha kuamsha kengele. Kwa ukanda huu wa Tabora na Kigoma, wenye ujenzi wa barabara na SGR, mshukiwa wa kwanza ni kipimo cha ushindiliaji wa udongo, ambacho kwa kawaida hubeba amerisiamu pamoja na berili, mchanganyiko unaotoa neutroni, na sesiamu kidogo. Ni mali halali, ikiwa na leseni na karatasi za usafirishaji. Bila karatasi, haiendi kokote.

Sasa wanakuja wauzaji wa akili mnemba na ndege nyuki. Akili mnemba hupanga spektra vizuri, lakini ukiilisha vilele vilivyosogezwa na joto itakosea kwa kujiamini. Ndege nyuki inayopita mita 10 juu ya mzigo hupata takribani sehemu moja ya mia ya kinachopimwa mita moja. Inafaa kutafuta chanzo kilichopotea kwenye eneo wazi, baada ya vibali vya anga na vya ulinzi. Kwa maboti ya Kibirizi fedha hiyo ningeiweka kwenye vipimo vya kubeba mgongoni, maana boti haipiti getini.

Ripoti ya kwenda TAEC iwe na mafaili mawili: spektra ya mzigo, na spektra ya mazingira iliyochukuliwa hapohapo, kwa kifaa hichohicho, kwa muda uleule. La pili husahaulika, na bila hilo mtaalamu hawezi kutenganisha thoriamu ya mzigo na ile ya mawe ya ukuta wa ghala.