Gego lako la chini linataja ukoo wako

Chukua kioo na tochi ya simu, fungua kinywa, utazame taya la chini. Hesabu upande mmoja kutoka mbele kwenda nyuma: meno mawili ya mbele, chonge, magego madogo mawili, kisha magego makubwa. Jino la sita ndilo tunalolitaka. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi. Likaushe kwa pamba, maana jino lenye mate hung'aa na mifereji yake haionekani.

Juu yake kuna vinundu vitano, viwili upande wa ulimi na vitatu upande wa shavu. Mifereji iliyo kati yao huchora herufi Y, shina likielekea ulimini na mikono ikikikumbatia kinundu cha kati cha upande wa shavu. Sokwe mtu ana gego la namna hiyohiyo. Gorila analo, orangutan na giboni wa Asia pia.

Sasa mtazame kima wa City Park jijini Nairobi, au tumbili, mbega na nyani. Idadi ya meno yao ni sawa na yetu, 32, lakini gego lao lina vinundu vinne vilivyopangwa viwili viwili, na kila jozi imeunganishwa na ukingo unaolikata jino kwa upana. Yafikirie matuta mawili ya shambani na mfereji katikati. Matuta ya juu yakiingia katika mifereji ya chini, majani hukatwakatwa vizuri kabla hayajamezwa. Komba anayelia usiku katika msitu wa Karura, Nairobi, yuko mbali zaidi nasi: ana meno 36, na yale ya mbele chini yamelala kama kitana, naye huchania manyoya yake.

Wanaoanza hukosea mahali patatu. Kwanza, gego letu la pili la chini mara nyingi lina vinundu vinne tu na mifereji yenye umbo la msalaba. Hilo halitufanyi kuwa tumbili, kwa kuwa ukingo wa kuunganisha jozi haupo. Pili, gego la mwisho la chini la nyani lina kinundu cha tano huko nyuma, kwa hiyo kuhesabu vinundu peke yake hakutoshi. Tafuta matuta. Tatu, jino lililosagika kwa uzee hupoteza alama zote. Ukiona madoa ya njano ya dentini, tabaka la ndani ya jino, yametokeza kwenye enameli, ganda gumu jeupe la nje, liache, tafuta la mnyama mwenye umri mdogo.

Napenda kufundisha kwa jino kwa sababu enameli ndiyo sehemu ngumu kuliko zote mwilini, nayo hudumu pale mifupa inapooza. Katika tabaka za Nsungwe, bonde la Rukwa nchini Tanzania, miamba ya miaka milioni 25 ilitoa kipande cha taya la Rukwapithecus, wa upande wa masokwe, na gego la Nsungwepithecus, wa upande wa tumbili. Yaani wakati huo koo hizo mbili zilikuwa zimeshaachana. Kwa hiyo nyani wa leo si babu yetu, ni binamu wa mbali, na ile sentensi ya "mtu alitokana na nyani" ingefaa ifutwe ubaoni. Sokwe mtu ndiye binamu wa karibu: njia zetu ziliachana miaka milioni sita au saba iliyopita, naye yuko karibu nasi kuliko alivyo karibu na gorila.

Kinachotutenga na sokwe ni chonge. Ya juu ya sokwe mtu ni ndefu, hujinoa kwenye gego dogo la kwanza la chini, na safu ya juu ina mwanya wa kupokea chonge ya chini kinywa kikifungwa. Sisi hatuna mwanya huo wala kinoo hicho. Kanapoi, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, Australopithecus anamensis, jamaa wa kale wa binadamu, wa miaka zaidi ya milioni nne iliyopita tayari alikuwa na chonge iliyopungua, na mfupa wake wa muundi ni wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili. Ubongo ulikuwa bado mdogo: fuvu la jamii hiyo lililotangazwa mwaka 2019 kutoka Ethiopia lina takriban sentimita za ujazo 370, kiasi cha sokwe mtu. Wetu hukaribia 1,350. Akili kubwa ilikuja nyuma sana.

Jino hutunza pia umri, kwa kuwa enameli hujengwa siku baada ya siku na kuacha mistari inayohesabika kwa hadubini. Mvulana wa Turkana, mtoto wa jamii ya kale ya binadamu, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984 na kuhifadhiwa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi kwa namba KNM-WT 15000, aliishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Kimo chake kilikuwa kati ya mita 1.5 na 1.6, na gego lake la pili, ambalo kwa watoto wetu hutoka karibu na miaka 12, lilikuwa limeshatoka. Mistari ya enameli ilipohesabiwa, ilionyesha kwamba alikufa akiwa na miaka minane hivi.