641 ndani ya 4,294,967,297

Wanafunzi wanaponiuliza ni namba gani kubwa inayofaa kuchunguzwa kwa kalamu na karatasi tu, huwapa 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mwanasheria, aliwaandikia wanahisabati wenzake kwamba anaamini kila namba ya umbo hili, ambapo kipeo cha 2 nacho ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, ni namba tasa. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Ya sita ndiyo hii, na mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417.

Anayetafuta kigawo chake bila mwongozo wowote anakabiliwa na namba tasa 6,542 zilizo chini ya 65,536, ambayo ni karibu sawa na kipeuo chake cha pili. Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1, na kwa sharti hilo 641 inakuwa ya tano tu katika foleni, nyuma ya 193, 257, 449 na 577.

Uthibitisho ninaoupenda zaidi hauhitaji hata kugawanya. Angalia kwamba 640 ni 5 × 2⁷, nayo ni pungufu ya 641 kwa 1, kwa hiyo 640 ikipandishwa kwenye kipeo cha nne na kugawanywa kwa 641 inabakiza 1. Na 640⁴ ni 5⁴ × 2²⁸. Lakini 641 vilevile ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, hivyo katika hesabu ya baki tunaruhusiwa kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴. Tunapata kuwa −2³² inabakiza 1, na hiyo ni sawa na kusema 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki.

Kuna njia nyingine, nayo kwangu ni nzuri ajabu. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya namba mbili za mraba kwa njia mbili tofauti, ilhali hii yetu ni 65,536² + 1² na pia ni 62,264² + 20,449². Hapo tu imeshajulikana kuwa si tasa. Sasa toa: 65,536 − 62,264 ni 3,272, na 20,449 − 1 ni 20,448, kigawo chao kikubwa cha shirika ni 8. Kisha jumlisha jozi hizohizo: unapata 127,800 na 20,450, ambazo kigawo chao kikubwa cha shirika ni 50. Chukua nusu ya 8 na nusu ya 50, na 4² + 25² ni 641.