Tija ya utafiti kwa wahadhiri wa famasia wenye shahada mbili: maana yake na namna inavyopimwa

Tija ya utafiti ni kiasi cha kazi ya kitafiti anayoitoa mhadhiri katika kipindi fulani, pamoja na jinsi watafiti wengine wanavyoitumia. Huhesabiwa makala alizochapisha, mara zilizonukuliwa, na ruzuku alizopata. Katika vyuo vya famasia vya Marekani, hesabu hizi huchangia kuamua nani apande cheo na nani apate ajira ya kudumu.

Shahada mbili zinazokusudiwa ni PharmD na PhD. Ya kwanza humwandaa mtu kuwa mfamasia: kukagua dozi, kushauriana na daktari, kumwelekeza mgonjwa. Ya pili humfundisha kutafiti. Mwenye zote mbili anatarajiwa kulitoa swali wodini na kulitafutia jibu kwa njia za kisayansi, na vyuo hutaka kujua kama hilo linatokea kweli.

Kipimo maarufu ni h (h-index), yaani idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mhadhiri kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme zimenukuliwa mara 40, 12, 6, 4 na 3. Makala 4 zimenukuliwa angalau mara 4 kila moja, lakini ya 5 haifiki mara 5. Basi h yake ni 4. Ile ya 40 ingeweza kunukuliwa mara 400 na h isisogee. Tena h haiulizi kama mtu aliongoza utafiti au jina lake lilikuwa la nane kwenye orodha ya waandishi.

Kwa kuwa h haishuki, mkongwe humzidi kijana kwa urahisi. Hirsch mwenyewe alipendekeza igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza. Hapa wenye shahada mbili wanaweza kuumia: wengi huanza kuchapisha wakiwa wanafunzi, na wengine huenda kwenye mafunzo ya ukaazi (residency) hospitalini, yaani mazoezi ya kazi baada ya shahada, ambako muda wa kuandika ni mdogo. Miaka hiyo yote inahesabiwa dhidi yao.

Lakini kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kulinganisha watu bila kuangalia mgawanyo wa kazi zao. Mhadhiri wa kliniki hushinda hospitalini na wanafunzi na wagonjwa. Mwongozo wa matumizi ya antibayotiki alioandikia hospitali yake unaweza kubadilisha tiba kila siku, ila kama haukuchapishwa kwenye jarida, Scopus, kanzidata inayohesabu makala na nukuu, haitauona. Kumwita mvivu wa utafiti ni kumwonea.

Chukua wahadhiri wawili. Mmoja ana PharmD na PhD, ametengewa asilimia 20 ya muda kwa utafiti, na huchapisha makala 2 kwa mwaka. Mwenzake ana PhD pekee, ana asilimia 80, na huchapisha 5. Kwa hesabu ya juujuu wa pili anaongoza. Gawanya kwa muda waliopewa: wa kwanza anapata makala 10 kwa kila mwaka mzima wa muda wa utafiti, wa pili 6.25. Hata hesabu hii haisemi kwamba shahada ya ziada ndiyo iliyoleta tofauti. Huenda ni mada, vifaa, au timu aliyonayo. Na ile asilimia ya muda haimo kwenye kanzidata yoyote ya makala. Anayetaka kulinganisha kwa haki lazima aende kuiuliza idarani.