Namba 16 analala kwake, namba 17 anapanda basi

Jumapili ile orodha ya mtoano wa mpira wa wavu wa vyuo ilipotangazwa sikumaliza hata kikombe cha chai, simu ikalia. Mpwa wangu, anayecheza mpira wa wavu katika chuo kimoja huku Marekani, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa sekunde ishirini: "Shikamoo mjomba. Tumepewa namba 5, mbona tunasafiri? Namba 4 wamepoteza mechi nyingi kuliko sisi, na wao wako kwao. Hii haki kweli?"

Marahaba, mama. Nilimjibu kwa kifupi usiku ule, lakini swali lenyewe naulizwa kila mwaka, na si na watoto tu. Kazi yangu ni ya mezani: naandika karatasi ya matokeo na takwimu za mechi, pembeni ya uwanja, usawa wa nguzo ya wavu. Misimu kumi na moja ya kukaa hapo imenifundisha kusoma ratiba ya mtoano kwa jicho tofauti kidogo na la shabiki. Shabiki akiona namba pembeni ya jina la timu anadhani ni sifa. Mimi naisoma kama anwani: inaniambia nani atalala kitandani kwake wiki hiyo, na nani atakula chakula cha hotelini.

Nilipokuwa nacheza mashindano ya shule, mwalimu wa michezo alikunja vikaratasi, akavitia kwenye kofia, kila nahodha akachovya mkono. Ukipata timu kali mechi ya kwanza, bahati yako. Hapa kwenye mashindano ya wanawake ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, daraja la kwanza, hakuna kofia. Kuna kamati inayojifungia na takwimu, ramani na orodha ya kumbi. Neno moja la Kiswahili kwa kazi hiyo silioni. Mimi nasema tu timu "imepewa namba".

Muundo wenyewe ni huu. Timu ni 64, na imekuwa hivyo tangu 1998. Karibu nusu zinaingia kwa kutwaa ubingwa wa ligi zao, zilizobaki zinachaguliwa na kamati. Zote zinagawanywa kanda nne, timu 16 kila kanda. Tangu 2022 timu 32 ndizo zinazopewa namba, 1 hadi 8 katika kila kanda. Kabla ya hapo zilikuwa 16 tu. Wiki ya kwanza inachezwa kwenye kumbi 16, timu nne kila ukumbi: mechi mbili siku ya kwanza, washindi wanakutana siku inayofuata, mmoja anasonga mbele. Na wenyeji wa kumbi hizo ni wale wenye namba 1 hadi 4 katika kila kanda.

Sasa angalia nani anaenda kwa nani. Namba 8 anapelekwa nyumbani kwa namba 1. Namba 7 kwa namba 2, namba 6 kwa namba 3. Namba 5, mpwa wangu huyo, anakwenda kwa namba 4. Ukipanga nchi nzima kwenye mstari mmoja, namba 4 wa mwisho ni timu ya 16 na namba 5 wa kwanza ni ya 17. Kwa ubora huenda hazitofautiani hata kidogo. Lakini mmoja anafungua mlango wa ukumbi wake kwa ufunguo wake, na mwingine anatafuta basi. Namba 5 anachopata ni kinga ya mechi moja tu: mechi ya kwanza hatakutana na timu yenye namba.

Ndiyo maana nasema katika orodha nzima kuna mistari miwili tu ya kugombea. Wa kwanza ni huo wa 16 na 17. Wa pili uko juu, kati ya timu ya 4 na ya 5 nchini, kwa sababu wiki ya pili, hatua ya 16 bora, kanda nzima inahamia kwa namba 1. Akiwa amekwishatolewa, uenyeji unakwenda kwa mwenye namba bora kati ya waliobaki. Makocha wanaobishana kama walistahili kuwa wa 9 au wa 11 huwa nawasikiliza kwa adabu tu. Wote hao watakuwa nyumbani wiki ya kwanza na ugenini wiki ya pili, isipokuwa wakubwa waanguke.

Mwaka 2017 mstari huo wa juu uliwaangukia Nebraska. Walikuwa wa 5 nchini, Kentucky wa 4, kwa hiyo Nebraska ikabidi waende Lexington, kwao Kentucky. Wakashinda huko, wakaenda Kansas City kwenye nusu fainali na fainali, wakachukua kombe.

Namba zinatoka wapi? Kamati inatazama mambo mengi: mlipokutana nani alishinda, wapinzani mliocheza nao wote wawili, ushindi dhidi ya vigogo, na vipigo vya aibu. Lakini kwenye kila karatasi mezani kwao kuna kipimo kinachoitwa RPI, na ukikielewa hicho utaacha kushangaa nusu ya mambo. Robo ya alama ni asilimia ya mechi ulizoshinda. Nusu nzima ni asilimia ya ushindi wa wapinzani wako, ukiondoa mechi walizocheza nawe. Robo ya mwisho ni ya wapinzani wa wapinzani wako.

Nitatunga timu mbili. Ya kwanza imeshinda 26 na kufungwa 2, lakini wapinzani wake wameshinda asilimia 45 ya mechi zao, na wapinzani wa hao asilimia 48. Ukipiga hesabu unapata 0.577. Ya pili imeshinda 20 na kufungwa 8. Wapinzani wake wana asilimia 60, na wa nyuma yao 55. Hiyo inapata 0.616. Aliyepoteza mechi nane yuko juu, na mbali. Robo moja ya alama ndiyo yako mwenyewe, robo tatu ziko mikononi mwa watu usiowaongoza. Na kipimo hakijui seti: ukimfunga mtu 3–0 au ukimponyoka 3–2 kwa pointi mbili za mwisho, ni ushindi mmoja. Kwa hiyo mpwa wangu anapohesabu vipigo vya namba 4, anahesabu robo tu ya hadithi. Kocha mjanja anaanza kupigania ukumbi wa Desemba tangu anapopanga mechi za nje ya ligi za mwanzo wa msimu, anapotafuta timu ambazo atazifunga yeye lakini zitawafunga wengine. Timu hiyo ni adimu kuliko unavyodhani.

Kamati ina kanuni nzuri kwamba mjumbe hutoka chumbani chuo chake kikijadiliwa. Watu hawaachi kulalamika.

Tukiacha hizo 32, zinabaki 32 nyingine zisizo na namba, na hapo ndipo wasomaji wengi hupotea kabisa. Wanatafuta mantiki ya ubora: "Kwa nini huyu katupwa kwa bingwa, na yule kapata mteremko?" Mara nyingi jibu ni nauli. NCAA ndiyo inayolipia safari, na kipimo chake ni maili 400, yaani kilomita kama 644. Ndani ya hapo unakwenda kwa basi. Zaidi ya hapo unapanda ndege. Kwa msomaji wa nyumbani, hiyo ni karibu sawa na Dar hadi Arusha. Kamati inajaza nafasi zile huku ikitazama ramani, ikijaribu kupunguza ndege. Juu yake kuna sharti kwamba timu za ligi moja zisikutane katika raundi mbili za kwanza. Basi jirani yako wa karibu, ambaye nauli inamvuta kwako, mara nyingine ndiye hasa ambaye sharti la ligi linamkataza. Anasogezwa, na akisogezwa yeye anasogezwa mwingine, mpaka timu fulani ya mji mdogo inajikuta inavuka nchi nzima. Hakuna aliyeikusudia mabaya; ilikuwa ya mwisho kupata kiti.

Hawaii wako peke yao katika hili. Kutoka Honolulu hakuna basi la kwenda popote, kwa hiyo kila safari ni ya ndege tu. Na wakiwa wenyeji, timu tatu zinapanda ndege kwenda kwao. Mwaka 2019, namba zilipokuwa bado za nchi nzima, 1 hadi 16, walipewa namba 12 wakaandaa kwao, wakapita, halafu wiki ya pili wakasafirishwa Madison, Wisconsin, mwezi wa kumi na mbili. Toka ufukweni uingie kwenye theluji, ukapokee mpira wa kuanzia.

Namba peke yake haitoshi. Chuo kinatakiwa kiwe kimeomba uenyeji mapema na ukumbi uwe wazi. Kutoka tangazo la Jumapili hadi mechi ya kwanza ni siku nne au tano. Ndani ya hizo uuze tiketi, utafute hoteli za timu tatu, ugawe muda wa mazoezi kwa dakika, upate waamuzi wa mstari, upange meza kama yangu. Chuo kimoja nilikofanya kazi, ambacho sitakitaja, kiliomba uenyeji bila kutazama kalenda ya ukumbi wake mkubwa. Namba ikaja, furaha, vigelegele, halafu mtu wa ukumbi akapiga simu: wikendi hiyo kuna tamasha la muziki, jukwaa limekwishaanza kufungwa. Tukahamishia mechi kwenye ukumbi wa zamani wa mazoezi. Nyuma ya mstari wa mwisho palikuwa na hatua chache tu kabla ya ukuta. Wachezaji wanaoanzisha kwa kuruka walikosa pa kukimbilia, wakiwemo wa wenyeji wenyewe.

Hilo linanileta kwenye swali ambalo mpwa wangu hakuliuliza: nyumbani kuna nini hasa? Watu husema makelele. Makelele yapo, Nebraska wamejaza ukumbi kila mechi ya nyumbani ya msimu wa kawaida tangu 2001. Lakini ukikaa nilipokaa mimi unaona vitu vidogo zaidi. Mpira unaoanzishwa bila kuzunguka huyumba hewani, na mpokeaji anausoma kwa kuulinganisha na kilicho nyuma yake: ukuta mweupe, viti vyekundu, taa. Mwenyeji amepokea mipira maelfu mbele ya ukuta ule ule. Mgeni ana saa moja ya mazoezi.

Na kuna dari. Kwa sheria za kimataifa mpira ukigusa dari umekufa. Kwa sheria za vyuo hapa, ukigusa dari juu ya upande wenu unaendelea kuchezwa, mradi timu yenu ndiyo itakayougusa tena. Ukivuka wavu baada ya kugusa dari, mmepoteza. Nimeona kwa macho yangu mpira uliookolewa vibaya ukapaa, ukagonga bomba la hewa, wageni wakasimama wima wakingoja filimbi kama vile wako Dar au Nairobi. Hawakuwa wasiojua sheria. Miguu tu ilisahau. Upande wa pili, libero wa wenyeji, yule mchezaji wa ulinzi wa nyuma tu, mpira kama huo aliusubiri chini ya bomba lile lile, maana alijua unaanguka upande gani.

Hata hivyo sipendi kutia chumvi. Msimu wa 2020 ulisogezwa hadi masika ya 2021 kwa ajili ya korona, timu zikapunguzwa kuwa 48, na mashindano yote yakachezwa Omaha. Hakuna aliyekuwa na nyumba ya kujivunia. Waliofika nusu fainali walikuwa namba 1, 2, 4 na 6 za nchi nzima, na Kentucky, namba 2, wakachukua kombe. Wakubwa walibaki wakubwa. Na Desemba 2025 Nebraska, wakiwa hawajafungwa mechi hata moja, walipokea Texas A&M, namba 3 wa kanda hiyo, kwao Lincoln. Wakapigwa seti tano. Wageni wale wakaenda kuchukua ubingwa wao wa kwanza.

Nusu fainali na fainali ni jambo jingine kabisa: mji unachaguliwa miaka mapema, hauangalii namba ya mtu. Ila bahati ina mambo yake. Mwaka 2024 mji ulikuwa Louisville, na nani akafika fainali? Louisville, kwenye ukumbi wanaoutumia wenyewe, mbele ya watu 21,860. Penn State wakawafunga seti 3 kwa 1, na Katie Schumacher-Cawley akawa mwanamke wa kwanza kuifundisha timu bingwa ya daraja hilo.

Timu ya mpwa wangu iliondoka Jumatano asubuhi. Nilipopima njia yao nilikuta maili 390. Zingezidi kumi na moja wangepanda ndege. Wakakaa kwenye basi siku nzima, magoti juu, vitabu vya mtihani mapajani. Jioni walipopewa saa yao ya mazoezi alinitumia picha. Hakupiga wavu wala viti. Alikuwa amelala chali katikati ya uwanja, akapiga dari.