Mvinyo na Vyakula vya Kuchoma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kiangazi kikifika na majiko kutolewa nje, watu huhangaikia mkaa, viungo na chumvi, na mvinyo huachwa hadi dakika ya mwisho. Hapo ndipo zinapoibuka kanuni za kukariri. Nyingi zinafaa meza ya ndani yenye kivuli na sahani moja ya nyama. Penye moshi, sosi tamu na jua la mchana, zinaharibu chupa nzuri bila sababu, na hilo linaniuma.

Dhana: nyama nyekundu hutaka mvinyo mwekundu, kuku na samaki hutaka mweupe.

Kuna ukweli ndani yake, lakini nusu tu. Mvinyo mwekundu una tanini, zinazotoka hasa kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ndizo zinazoleta ukakasi mdomoni, kama chai ya rangi iliyokolea mno. Tanini hushikana na protini, kwa hiyo steki yenye mafuta na chumvi hulainisha mvinyo ambao ukinywewa peke yake ungekaza ulimi. Kwa samaki mwenye mafuta mengi mambo hugeuka: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo yakikutana na mafuta yake huacha shombo na ladha ya chuma mdomoni. Hata hivyo, samoni aliyechomwa hadi ngozi ikakauka hukaa vizuri sana na Pinot Noir, kwa kuwa mvinyo huo mwekundu una tanini chache.

Kanuni hiyo inasahau kwamba kinachotangulia kufika ulimini ni kile ulichoipaka nyama. Kuku wa ndimu na kitunguu saumu, kuku wa sosi tamu ya nyanya na kuku wa pilipili ni vyakula vitatu tofauti. Wa kwanza mpe Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe mchachu: uchachu wa ndimu na uchachu wa mvinyo huelewana, na chakula kichachu hufanya mvinyo uonekane mpole zaidi. Wa pili na wa tatu wana masharti yao.

Dhana: sosi ni kikolezo tu, haibadilishi mvinyo.

Jaribu mwenyewe. Piga funda la mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, lamba kijiko cha sosi tamu ya mbavu, kisha rudia mvinyo uleule. Ladha yote ya tunda imepotea, umebaki uchachu na uchungu. Sukari ya chakula ndiyo iliyoufanya hivyo. Mvinyo unapaswa kuwa na utamu angalau unaokaribia ule wa chakula, au basi uwe na ladha nzito ya matunda yaliyoiva, kama Zinfandel au Grenache, ambazo ni nyekundu. Kwa mbavu zilizopakwa sosi ya asali, mimi ningeiacha kabisa ile Cabernet Sauvignon kavu, mvinyo mwekundu wenye tanini nyingi, inayosifiwa na kila mtu. Itunze kwa ajili ya steki ya chumvi na pilipili manga.

Dhana: chakula cha pilipili kinahitaji mvinyo wenye nguvu.

Kinyume chake. Kilevi huzidisha mwasho wa kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, na tanini nazo huonekana kali zaidi mdomo ukiwa unawaka. Mvinyo wenye asilimia 15 ya kilevi juu ya soseji za pilipili ni kumwagia moto mafuta. Tafuta wenye kilevi kidogo na utamu kiasi, mfano Riesling, mvinyo mweupe, ya asilimia 8 hadi 10, ukiwa baridi.

Dhana: mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba.

Hii ndiyo inayoharibu mvinyo mwingi kuliko zote. Ushauri huo ulianza katika nyumba za Ulaya kabla ya mifumo ya kupasha joto nyumba nzima, vyumba vilipokuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chupa iliyosimama juani karibu na jiko hufika nyuzi 30 bila taabu. Katika joto hilo kilevi huvukiza haraka, hupanda puani na kufunika harufu ya matunda. Mvinyo huonekana mzito na mkali, na mnywaji hulaumu zabibu.

Mwekundu mzito unywewe ukiwa nyuzi 16 hadi 18. Mwepesi, kama Gamay, hupendeza zaidi kwenye 12 hadi 14. Mweupe uwe 8 hadi 12. Usizidishe pande zote mbili: baridi kali huongeza ukakasi wa tanini, na mweupe ulio karibu kuganda haunukii kitu.

Friji ni ya polepole. Chukua ndoo, weka barafu, kisha jaza maji hadi shingoni mwa chupa. Barafu peke yake hugusa kioo hapa na pale tu na kuacha hewa katikati, ilhali maji hukumbatia chupa nzima. Mwekundu uliopata joto hurudi mahali pake kwa kama dakika 15. Ukiwa na haraka, tupia konzi ya chumvi, maji yatashuka chini ya nyuzi 0. Halafu mimina kidogo kidogo, maana glasi iliyojaa hupata joto kabla hujaifikisha nusu.

Dhana: moshi unadai mvinyo uliokaa sana kwenye pipa.

Mapipa ya mwaloni huchomwa ndani kwa moto yanapotengenezwa, na hutoa baadhi ya kemikali zilezile zilizomo kwenye moshi. Kidogo hupatana na nyama. Lakini nyama iliyoungua kingo ina uchungu wake, na uchungu wa pipa na tanini ukiongezeka juu yake, mlaji anachoka mapema. Kadiri nyama inavyoungua, ndivyo ninavyotafuta mvinyo wenye tunda zaidi na pipa kidogo.

Dhana: rosé, yaani mvinyo wa rangi ya waridi, ni tamu, tena ni ya mapambo.

Nyingi, zikiwemo za Provence, kusini mwa Ufaransa, ni kavu kabisa. Zina uchachu wa mweupe na chembe ya tunda la mwekundu, na pale wavu unapobeba uduvi, kuku na soseji kwa pamoja, sijui chupa inayofaa zaidi.

Dhana: mvinyo wa kulowekea nyama hupoteza kilevi chote motoni.

Haupotezi chote. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha kwamba chakula kilichochanganywa na kilevi na kupikwa dakika 15 hubaki na takriban asilimia 40 yake, na baada ya saa nzima bado kuna asilimia 25. Nyama juu ya mkaa mara nyingi haikai muda huo. Kama kuna mtoto, mjamzito au yeyote asiyetumia kilevi, mtengee nyama yake kabla mvinyo haujamiminwa kwenye bakuli, na uichome upande wake wa wavu kwa koleo lake.